Will Durant na Mkewe Ariel



Bila shaka umewahi kuwazika watu wawili wa nyumba moja. Mzee anafariki. Watu wanakusanyika, wanamzika, wanakaa matanga. Kabla ya arobaini, na pengine kabla matanga hayajaondolewa, mkewe naye anafuata. Walikuwa wameoana tangu ujana wao. Wajukuu wanabaki wanatazama makaburi mawili mabichi.

Jambo hili linapotokea Chokocho, watu husema mengi. Wengine husema wazee wale walipendana sana. Wengine hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Basi jirani hutazamwa kwa jicho baya, na ugomvi huingia mahali palipotakiwa dua.

Lakini jambo hili si la Pemba peke yake. Hutokea duniani kote, kwa maskini na kwa matajiri. Katika kitabu hiki utasoma maisha ya bwana mmoja wa Marekani aliyejulikana katika nchi nyingi kwa sababu ya vitabu vyake. Jina lake Will Durant. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mwalimu wa watu wazima. Aliwafundisha watu waliotoka kazini, kama wewe unavyokuja darasani baada ya shamba au baada ya pwani. Pili, yeye na mkewe waliishi pamoja karibu miaka 68, kisha wakafa kwa kupishana siku 13 tu.

Soma habari zao polepole. Mwishoni tutazungumza juu ya jambo linalotuhusu sisi wenyewe: namna ya kumwangalia yule anayebaki.

1. MWALIMU KIJANA

Will Durant alizaliwa tarehe 5 Novemba 1885. Alizaliwa katika mji mdogo wa North Adams, upande wa mashariki wa Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Kanada, na lugha yao ilikuwa Kifaransa. Walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Katoliki, na kijana wao aliingia chuo cha kusomea upadri.

Lakini Will alipenda sana kusoma, na kusoma kulimletea maswali mengi. Mwaka 1911 aliacha masomo ya upadri. Akaenda New York, mji mkubwa wa bandari, akapata kazi ya ualimu katika shule moja ndogo.

Katika shule hiyo alikuwamo msichana aitwaye Ida Kaufman. Alizaliwa tarehe 10 Mei 1898 katika nchi ya Ukraine, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Watu wake walikuwa Wayahudi, nao walihamia Marekani Ida akiwa bado mtoto. Alikuwa mchangamfu, mwepesi na hodari wa maneno. Baadaye Will alimpa jina la Ariel, na jina hilo ndilo lililodumu. Ariel ni jina la jini mwepesi kama upepo katika mchezo mmoja wa Shakespeare.

Will na Ariel walipendana. Will aliacha kazi yake pale shuleni, na tarehe 31 Oktoba 1913 wakaoana mjini New York. Ariel alifika kwenye ndoa yake amening'iniza begani viatu vyake vya magurudumu, vile ambavyo watoto huvaa na kuteleza barabarani. Alikuwa na miaka 15. Will alikuwa karibu kutimiza miaka 28.

Msomaji, hapa tusimame kidogo. Tunaeleza yaliyotokea, hatusemi yaigwe. Msichana wa miaka 15 mahali pake ni darasani, na mwalimu ni mlezi wa wanafunzi wake. Ndoa ile ilidumu, lakini ndoa nyingi za namna ile huwakatisha wasichana masomo na kuwaletea taabu.

2. DARASA LA JIONI

Mwaka 1914 Will alianza kufundisha watu wazima. Alifundisha katika jumba moja la New York lililoitwa Labor Temple. Waliokuja kumsikiliza walikuwa wafanyakazi. Kulikuwa na mafundi cherehani, wachukuzi, watu wa viwandani na wanawake wa nyumbani. Wengi walikuwa wageni katika nchi ile. Walikuja jioni, mikono imechoka, lakini walitaka kujua.

Will aliwaeleza mambo mazito kwa maneno mepesi. Aliwaeleza juu ya watu wenye hekima wa zamani, na jinsi walivyofikiri juu ya haki, utawala na maisha ya binadamu. Hakuwadharau kwa sababu hawakusoma shule kubwa. Yeye mwenyewe aliendelea kusoma, na mwaka 1917 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Shahada hiyo haikumwondoa darasani. Aliendelea na kazi ya pale Labor Temple mpaka mwaka 1927.

Siku moja mtu mmoja mwenye kiwanda cha kupiga chapa alisikia somo lake. Mtu huyo alikuwa akichapa vitabu vidogo vya bei rahisi, vya kutiwa mfukoni. Kimoja kiliuzwa kwa senti tano za Marekani. Alimwomba Will aandike somo lile liwe kitabu kidogo. Will akaandika. Watu wakanunua. Akaandika kingine, na kingine tena. Mwaka 1926 vitabu vile vidogo viliunganishwa kuwa kitabu kimoja kikubwa juu ya historia ya falsafa, yaani elimu ya kufikiri. Kitabu hicho kilinunuliwa sana. Kwa miaka iliyofuata ziliuzwa nakala zaidi ya milioni mbili.

Unaona, msomaji? Kazi kubwa ile ilianza kwenye darasa la jioni la watu wazima. Nchini Tanzania pia mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wengi wakaingia darasani wakiwa na wajukuu.

3. KAZI YA WATU WAWILI

Usidhani kwamba nyumba ya Will na Ariel ilikuwa shwari siku zote. Will alisafiri miezi mingi kwenda kutoa mihadhara katika miji ya mbali, kwa sababu ndiyo iliyoleta chakula. Ariel alibaki nyumbani na mtoto wao wa kike, aliyezaliwa mwaka 1919. Walimlea pia mtoto wa kiume. Ariel alikuwa bado kijana, naye alipenda watu na mazungumzo. Upweke ulimchosha. Zipo nyakati walizohitilafiana.

Kilichowafunga pamoja kilikuwa kazi. Fedha za kile kitabu cha mwaka 1926 zilimwezesha Will kuanza kazi aliyoitamani kwa muda mrefu. Alitaka kuandika historia ya wanadamu wote, tangu zamani za kale. Alitaka mtu wa kawaida aweze kuisoma. Mwaka 1930 yeye na Ariel walizunguka dunia ili waone wenyewe yale atakayoyaandika. Walifika Misri, Bara Hindi, China na Japani.

Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1935. Nyingine zikafuata, moja baada ya moja. Juzuu ya mwaka 1950 ina sehemu ndefu inayoeleza historia ya Uislamu na elimu iliyostawi katika miji kama Baghdad na Cairo.

Kazi yao ilifanywa hivi. Kwanza walisoma vitabu vingi. Kila walipoona jambo la maana waliliandika kwenye kipande cha karatasi. Vipande hivyo vilifika maelfu kwa maelfu. Kisha vilipaswa kuchambuliwa. Hiki ni cha ukulima, hiki cha vita, hiki cha dini, hiki cha biashara. Wewe unajua kazi ya kuchambua karafuu, jinsi mtu anavyokaa jamvini akitenga karafuu na makonyo, chembe kwa chembe, mpaka usiku. Kazi ya Ariel ilifanana na hiyo. Baada ya vipande kupangwa, Will alikaa kitini, akaweka ubao juu ya mikono ya kiti, akaandika.

Kwa miaka mingi jina la Will peke yake ndilo lililokuwa juu ya jalada. Lakini kazi ya Ariel ilizidi kukua, na katika juzuu ya saba, iliyotoka mwaka 1961, majina yote mawili yaliandikwa. Tangu hapo kila juzuu ilikuwa na majina mawili. Hilo lilikuwa jambo la haki. Ni mara ngapi mke anafanya nusu ya kazi, na sifa zote zinakwenda kwa mume?

Juzuu ya mwisho, ya kumi na moja, ilitoka mwaka 1975. Will alikuwa karibu kutimiza miaka 90, na Ariel alikuwa na miaka 77. Tangu juzuu ya kwanza miaka 40 ilikuwa imepita. Juzuu zote pamoja zina kurasa karibu 10,000.

Heshima hazikukosekana. Mwaka 1968 wote wawili walipewa zawadi ya Pulitzer, ambayo ni zawadi kubwa ya waandishi wa Marekani. Mwezi Januari 1977 Rais Gerald Ford aliwapa Nishani ya Uhuru, nishani ya juu kabisa ambayo raia wa kawaida anaweza kupewa nchini kwao. Mwaka huo huo walitoa kitabu cha maisha yao, wakipokezana kusimulia, sehemu ya mume na sehemu ya mke.

4. SIKU KUMI NA TATU

Wakati huo walikuwa wakikaa Los Angeles, mji ulio upande wa magharibi wa Marekani. Walikuwa wazee sana. Kila mmoja alikuwa fimbo ya mwenziwe.

Mwaka 1981 Will alishikwa na maradhi ya moyo, akalazwa hospitali. Ariel alibaki nyumbani. Inasimuliwa kwamba baada ya mumewe kuondoka aliacha kula. Huenda aliogopa kwamba safari ile haina kurudi. Mtu wa miaka 83 hana akiba kubwa mwilini. Tarehe 25 Oktoba 1981 Ariel alifariki. Zilikuwa zimebaki siku 6 tu watimize miaka 68 ya ndoa.

Will alikuwa bado kitandani hospitali. Jamaa zake wakaona wamfiche. Walihofu kwamba moyo wake mgonjwa hautaweza kuipokea habari ile. Lakini Ariel alikuwa mtu maarufu, na kifo chake kilitangazwa. Inasimuliwa kwamba Will alizipata habari za kifo cha mkewe katika taarifa ya habari ya televisheni.

Tarehe 5 Novemba Will alitimiza miaka 96. Siku mbili baadaye, tarehe 7 Novemba 1981, naye alifariki. Mume na mke walizikwa mahali pamoja, mjini Los Angeles.

Hatuwezi kusema kwamba huzuni peke yake ndiyo iliyomuua Will Durant. Alikuwa na miaka 96, na moyo wake ulikuwa tayari mgonjwa. Lakini huzuni ni mzigo, na mzigo humwelemea zaidi mtu aliyekwisha dhoofu.

5. MOYO WA ANAYEBAKI

Je, huzuni inaweza kweli kumdhuru mtu mwilini? Madaktari wamelichunguza jambo hili.

Mwaka 1969 wachunguzi wa Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanaume 4,486 waliofiwa na wake zao. Wote walikuwa na umri wa miaka 55 au zaidi. Katika miezi 6 ya kwanza, vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 kuliko vifo vya wanaume wa umri huo wenye wake. Maana yake ni kwamba mahali ambapo wangekufa watu 10, walikufa watu 14. Baadaye hatari hiyo ilipungua kidogo kidogo.

Usiogope hesabu hii. Katika miezi 6 hiyo walikufa wanaume 213. Wengine wote, zaidi ya 4,200, walikuwa hai. Kwa hiyo kufiwa si hukumu ya kifo. Lakini miezi ya kwanza ni miezi ya hatari, na inataka uangalizi.

Sababu ni nyingi. Anayebaki halali vizuri. Hapati hamu ya kula. Kama ana maradhi ya presha au ya sukari, husahau dawa zake, hasa ikiwa marehemu ndiye aliyekuwa akimkumbusha. Kama ni mwanamume, pengine hajui hata kujipikia uji.

Iko pia sababu ya moyo wenyewe. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa unaompata mtu baada ya mshtuko mkubwa, kama vile kufiwa ghafla. Sehemu ya chini ya moyo hulegea na kuvimba, na moyo hushindwa kusukuma damu vizuri. Mgonjwa huumwa na kifua na kukosa pumzi. Huwapata zaidi wanawake wa makamo na wazee. Walipoupiga picha moyo huo, madaktari waliona umefanana na chungu, wenye shingo nyembamba na tumbo la duara. Wavuvi wa Japani hutumia chungu cha namna hiyo kutegea pweza. Kwa hiyo waliupa ugonjwa jina la chungu hicho, takotsubo. Sisi hapa humtafuta pweza miambani maji yakitoka. Wao humwekea chungu, akaingia akidhani ni pango.

Wengi wanaopata ugonjwa huu hupona baada ya wiki chache, wakipata matibabu mapema. Lakini dalili zake zinafanana na za maradhi mengine makali ya moyo. Kwa hiyo usikae nyumbani ukasema ni majonzi tu, yatapita.

6. TUFANYE NINI?

Siku ya mazishi sisi ni watu wema sana. Nyumba hujaa. Majirani huleta mchele, muhogo, kuni na maji. Vyombo huvuka kutoka visiwa vya jirani vimejaa watu wa kuzika. Lakini matanga yakishaondolewa, watu hurudi katika kazi zao. Mzee hubaki peke yake na kitanda kitupu. Hapo ndipo hatari inapoanza, na hapo ndipo sisi tunapoondoka.

Basi tushike mambo haya:

Kwanza, tumtazame anayebaki kwa miezi 6, si kwa siku tatu. Watoto, wajukuu na majirani wapange zamu. Aende mtu asubuhi, aende mtu jioni.

Pili, tuhakikishe anakula. Usimwachie sahani ukaondoka. Kaa naye, kula naye. Mtu aliyezoea kula na mwenziwe kwa miaka 50 hawezi kumeza peke yake.

Tatu, tuulize juu ya dawa zake. Akiumwa na kifua, akikosa pumzi, akizimia, au akikataa chakula siku mbili, apelekwe haraka kituo cha afya au Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Mwanamke aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi naye ana haki ya matibabu. Eda haimzuii mgonjwa kwenda hospitali.

Nne, tuseme kweli. Mzee mgonjwa asifichwe kifo cha mwenziwe mpaka akisikie redioni au kwa mpita njia. Achaguliwe mtu anayempenda na kumwamini. Akae karibu naye, amwambie kwa upole, kisha asiondoke.

Tano, wakifa wawili karibu karibu, tusimtafute mchawi. Tumeona kwamba jambo hili limetokea Los Angeles kama linavyotokea Pemba. Tuwaulize kwanza watu wa afya. Huenda ni uzee na huzuni. Huenda pia ni maradhi ya kuambukiza, kama kipindupindu, ambayo yatawapata na wengine wa nyumba ile tusipochukua hadhari. Kumtuhumu jirani hakumfufui maiti wala hakumlindi aliye hai.

Sita, tumpe anayebaki kazi anayoiweza. Bibi asuke ukili pamoja na wenziwe. Babu awahadithie wajukuu habari za zamani. Aje darasani kwetu. Nafasi ipo, hata kama macho yake hayaoni herufi vizuri. Atasikiliza, na sisi tutamsomea.

Will na Ariel Durant walikuwa na vitabu, nishani na jina kubwa. Mwisho wao ulikuwa kama wa mzee yeyote wa kijiji, mmoja kitandani na mwingine akimngojea. Kifo kina siku yake, na hatuwezi kukizuia. Lakini sahani ya chakula, dawa kwa wakati wake, na mtu wa kuzungumza naye jioni, hayo tunayaweza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Will Durant aliwafundisha watu gani katika darasa la jioni? Kwa nini walikuja ingawa walikuwa wamechoka?

2. Ariel alifanya kazi gani katika vitabu vya mumewe? Jina lake liliandikwa juu ya jalada tangu mwaka gani?

3. Jamaa za Will walimficha kifo cha mkewe. Je, wewe ungefanya nini? Eleza sababu.

4. Ikiwa vifo 10 vinazidi kwa asilimia 40, vinakuwa vingapi? Fanya hesabu katika daftari lako.

5. Katika mtaa wako, ni nani amefiwa na mume au mke katika miezi 6 iliyopita? Mara ya mwisho ulimtembelea lini?